Maji Yalale Kwanza

3 Machi

Mdogo wangu,

Mzima wewe? Cherehani inalia? Mimi usiniulize, nimezidi uzima. Bahati imeniganda kaka yako kama kupe. Nimejenga nyumba ya vyumba vinne, choo ndani, veranda ya kukunja miguu jioni, na hakuna fundi aliyekula hata senti yangu. Hata mmoja! Mafundi wa huku wakiniona wanavua kofia.

Lakini barua yako imenitoa jasho. Kumbe Mama tangu ateleze bafuni nyonga imepona, ila bado unamwogesha wewe, na ukimmwagia maji anageuza uso ukutani. Mama huyu aliyetusugua masikio mpaka yakawaka! Hapana. Bafu litengenezwe aoge peke yake: sakafu isiyoteleza, chuma cha kushikia ukutani. Nimekutumia hela za vigae. Usinishukuru, huku nazifagia.

Sasa huyo fundi mnayemwita Taratibu anataka robo tatu kabla hajashika nyundo? Mbona hapo hana utaratibu! Sikiliza, mimi niliishia darasa la saba lakini dunia imenipa shahada. Fundi anayetaka nyingi mwanzoni anataka akamalizie kazi ya mtu aliyemlipa kabla yako. Na wewe utamaliziwa na hela ya nani? Vifaa nunua mwenyewe, risiti kaa nayo. Mkononi usimpe kitu. Akikuachia sanduku la vifaa vyake eti liwe dhamana, lifungue palepale, mbele yake. Na akisema amemaliza, ziba tundu la sakafu, ziba na mlango kwa udongo, jaza maji, piga mstari wa penseli ukutani. Maji yalale siku mbili. Yakishuka chini ya mstari, hajamaliza.

Nibusie Mama.

Kaka yako

17 Machi

Kaka Bosi, shikamoo.

Sisi hatujambo, Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri au unakula maneno tu. Hela zimefika, Mungu akuzidishie.

Mengine nimeyafuata, moja nimekataa. Mimi nashona, kaka. Mteja akileta kitambaa namwambia aache na robo ya kuanzia, maana uzi siokoti njiani. Je, mimi tapeli? Basi nimempa Taratibu robo ya ufundi wake, si robo tatu. Vifaa tumekwenda naye dukani, nikalipa mwenyewe. Njiani akanuna: "Dada, yaani mimi natembezwa dukani kama mtoto wa chekechea?" Nikamwambia, "Wa chekechea ningemshika mkono. Wewe tangulia."

Kweli ameacha sanduku, akasema, "Hili liwe dhamana yako." Nikalifungua palepale, aibu imenijaa usoni. Mna pima maji, patasi mbili, nyundo na nusu mkate. Akaniangalia sana, akalifunga.

Kesho anaanza kubomoa.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Mnaendeleaje? Mwezi mzima umenyamaza. Nimekaa nahesabu siku kama mfungwa.

Umempa zote? Niambie, sitakucheka. Ninajua mtu akishaliwa hela anashindwa kuandika. Anashika kalamu, anaangalia ukuta, anaiweka chini. Yaani, nimesikia watu wakisema.

Kama amekimbia, usilie. Nitatuma nyingine. Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako

2 Mei

Kaka yangu mpenzi, shikamoo tena, na tena.

Nisamehe. Sikutaka kukuandikia habari nusu.

Katikati ya Aprili Taratibu alisema amemaliza, akanyoosha mkono. Bafu linang'aa, kaka, hata mimi nilitaka kumlipa. Nikajikaza: "Maji yalale kwanza." Alikasirika, akasema miaka ishirini ya kazi hajawahi kuwekewa mtihani. Siku ya pili tukaingia wote. Maji yalikuwa kidole kizima chini ya mstari, na ukuta wa chumba cha Mama umelowa. Nikamwonyesha mstari. Akapiga magoti, akang'oa vigae sita mwenyewe, akakuta kiungo cha bomba kinavuja. Akasema, "Dada, ningeondoka na hela yako nikijua nimefanya kazi nzuri." Akarudia, hakuniongezea bei. Tukajaza tena. Siku mbili, na maji yako palepale kwenye penseli! Nikamlipa yote iliyobaki, na shati nikamshonea.

Jana Mama aliingia, akafunga komeo kwa ndani. Nimesimama nje roho mkononi. Nikaita, "Mama!" Akajibu, "Unataka nini mlangoni? Hujawahi kusikia mtu anaoga?" Alikaa humo saa nzima. Alipotoka ananukia sabuni, akanishika sikio, akalikagua, akasema, "Na wewe kaoge." Nimecheka mpaka nikalia.

Hii yote ni wewe, kaka. Mama anakuombea asubuhi na jioni. Anasema Desemba, mguu ukikubali, anakuja huko kulala kwenye vyumba vyako vinne na kukagua bafu lako.

Jambo moja. Taratibu aliniuliza nani kanifundisha. Nikajisifu: kaka yangu, kajenga nyumba kubwa, hajawahi kuliwa. Akatikisa kichwa. "La maji mtu anaweza kufundishwa. La sanduku, dada, hilo mtu hujifunza akilifungua mwenyewe, akiwa amechelewa. Msalimie sana."

Nimekusalimia. Sikuulizi kitu.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima na komeo linafungwa. Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nazibua mtaro, nikasimama humo humo ndani ya matope nikiicheka hiyo ya sikio. Msimamizi kadhani nimeokota dhahabu. Ahsante kwa kunisikiliza. Ahsante pia kwa kutonisikiliza kuhusu ile robo. Mtu anayefanya kazi lazima ale, mimi hasira zilinisahaulisha. Mpe Taratibu mkono wangu, mwambie ni fundi kweli.

Mimi fundi wangu nilimlipa yote siku ya kwanza, miaka sita sasa. Aliniachia sanduku zito, nikalilinda chini ya kitanda wiki tatu, nikimkatalia kila aliyetaka kuazima nyundo. Nilipolifungua ni vipande vya matofali, vimefungwa magazeti vizuri kama mayai. Niliona haya kuwaambia. Nikasema nyumba imekwisha, halafu kila barua ikaongeza chumba.

Mama asije Desemba. Nitakuja mimi, nioge kwenu. Hapa bafu moja tunagombania wapangaji tisa.

Bahati niliyokuandikia ni uongo. Nyumba sina.

Kaka yako