Doa la Moshi Barazani

Jumatatu, 12 Mei
Kompresa ya upepo imegoma mara mbili kabla ya saa nne. Unyevu. Magunzi yameganda kwenye bomba, nikayachokoa kwa waya. Siku ya tatu hapa Kenton, ughaibuni, bustanini kwa Bi Nirmala. Nyumba ya magogo, marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake. Vanishi imekuwa nyeusi, inabanduka. Kazi yangu ni kuivua yote kwa upepo na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, wapakaji waje na vanishi mpya. Kwetu Malindi magunzi tunawashia moto. Hapa yanakuja kwenye gunia lenye lebo. Makubwa.

Jumanne, 13 Mei
Ukuta wa nyuma umekwisha. Mbao imetoka rangi ya mkate. Nimefurahi, sifichi.

Bi Nirmala ameniletea chai na chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga. Mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili hakijamtoka. Amenionyesha doa jeusi kwenye ukuta wa baraza, toka gotini hadi kifuani. Moshi wa jiko la makaa. Mumewe alichoma mahindi pale kila Jumapili, miaka ishirini na miwili, mvua au jua.

"Hapo wacha, fundi."

Nikasema sawa, Mama.

Jioni amepita Kirit, mwanawe. Kiswahili anakielewa, anajibu kwa Kiingereza. Anataka ukuta wote uwe sawasawa. Nikaendelea kukunja bomba.

Jumatano, 14 Mei
Mvua. Sikufanya kazi. Nimeliwaza lile doa kutwa. Litaonekana kama tope kwenye kanzu ya Idi. Watu watasema fundi alichoka. Mimi na kazi nusunusu, wapi na wapi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeliondoa.

Bi Nirmala alikuwa mandirini, hekalu lao la Kihindu. Nilipunguza upepo, nikaenda taratibu, dakika kumi. Moshi wa mahindi umetolewa kwa magunzi ya mahindi. Nilicheka peke yangu ndani ya barakoa. Nikajiambia ni amri ya Kirit. Uongo. Nilitaka mwenyewe.

Amerudi saa saba. Ameweka kiganja pale. Amekinusa. Ameingia ndani. Chai haikuja.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeomba radhi mlangoni.

"Lakini ulinisikia?"

Nikasema nilisikia, Mama.

"Haya." Akafunga mlango, polepole.

Bora angenitukana. Kirit amekuja, ameupiga picha ukuta, amesema "Perfect." Nilitamani kumzaba kofi. La haki lilikuwa langu mimi.

Jumamosi, 17 Mei
Nimefagia vumbi la magunzi kwenye nyufa zote, likibaki linaota ukungu. Nimepiga msasa mahali mbao ilipoota manyoya. Kazi safi. Sina raha nayo.

Wapakaji wanaanza Jumatatu. Nimebandika karatasi pale barazani: HAPA MSIPAKE. Kirit amebisha. Nimemwambia mwenye nyumba ni mama yake, akamwulize. Amekwenda. Karatasi imebaki.

Jumapili, 25 Mei
Nimekwenda bila kuitwa. Mahindi sita na mfuko wa makaa. Nilisimama getini kama mgeni wa posa.

Bi Nirmala ameyabonyeza mahindi, akasema yamekomaa mno, nani kaniuzia. Kisha akaenda stoo akatoka na jiko. Akaliweka palepale. Vanishi mpya inang'aa kila upande, pale tu mbao tupu.

Amechoma yeye, mimi nimepepea. Ndimu, chumvi, pilipili. Nimekula mawili.

Makaa yalipopoa nikautazama ukuta. Mweupe vilevile. Nikamwambia doa kurudi itachukua miaka, Mama.

Akasema yeye ana themanini na mmoja, kwa hiyo Jumapili ijayo nisichelewe.