Mume Wangu Ameota Matiti kwa Dawa Yangu ya Chunusi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla akili haijaniruka. Naitwa Sirkka, naishi hapa Thunder Bay, Kanada, na mume wangu Reino. Tangu usichana nimeteswa na chunusi za kidevuni, zile zinazouma hata ukicheka, mpaka mwaka jana daktari wa ngozi akanipa dawa mbili, kidonge cha kuzuia homoni kinachofanya kazi kutoka ndani na krimu ya kupaka usiku, akasema, "Hizi zinasaidiana, usiache moja," na kweli uso ukatakata nikajiona mtu tena. Reino ni golikipa wa hoki ya barafuni, paji lake la uso lilijaa vipele vya helmeti, akawa ananitania, "Mwenzetu siku hizi uso wa sinema!" nami nacheka tu, sikujua.

Ghafla vidonge vikaanza kuniishia kabla ya wakati, nikagombana na mfamasia kwamba ananipunja, nikawa nakaa bila kumeza, chunusi zikarudi, nami nikadhani krimu imechoka nikaipaka asubuhi na usiku, tena kwa wingi, uso ukaungua ukabambuka kama kitunguu. Wakati huohuo Reino akaacha kuingia sauna, kile chumba cha mvuke tunachoingia bila nguo. Mshauri, unatujua sisi Wafini, watu wenye asili ya Ufini, mtu akikataa sauna ya Jumamosi kwa mama yake ni kama amekataa kuzaliwa! Mama mkwe, Mama Lempi, akanivuta jikoni, "Mkwe wangu, mmegombana? Au amejichora jina la mwanamke mwingine kifuani?"

Nikamvamia Reino bafuni, nikamkuta amejishika kifua analia. Upande wa kushoto donge, wa kulia nao unavimba. "Ni saratani, Sirkka. Usimwambie mama." Nikamwambia. Sasa Mama Lempi halali, wanawake wa kanisani wanaleta mikate ya iliki kama kwenye msiba, na shemeji yangu ameacha kazi Alberta yuko njiani kuja kumuaga ndugu yake.

Juzi kliniki daktari akamuuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?" Akajibu, "Hata ya kichwa simezi." Nikamtazama, nikaona paji lake laini kama yai, moyo ukanipasuka paa! Ndani ya gari nikamuuliza, "Reino, vipele vyako vilikwenda wapi?" Akasema, "Nilidhani dawa ya chunusi ni dawa ya chunusi."

Mshauri, kumbe mwizi wa vidonge vyangu ni yeye! Sasa ananisihi nisifungue mdomo: "Alhamisi wanichome sindano, watoe kinyama wapime, sawa tu. Bora nionekane mgonjwa kuliko mjinga." Nikisema nimemvua nguo mume wangu hadharani, nikinyamaza mama yake anaendelea kulia. Nifanyeje?

*

Sirkka, nilianza kusoma barua yako nimesimama. Nilipofika pale kwenye gari, nilitafuta kiti.

Pole, dada. Pole ya kweli. Lakini swali lako si la aibu, ni la afya, na umechelewa kuliona hilo. Nilimpigia daktari ninayemwamini, bila kutaja majina. Akauliza, "Amevimeza kwa muda gani?" Akanieleza: kidonge kile huzuia nguvu ya homoni ya kiume. Kwako ndiyo kazi yake. Kwa mwanamume, matiti yanaweza kuota na kuuma. Mara nyingi akiacha hupungua, ingawa polepole. Mara nyingi, Sirkka, siyo kila mara! Donge lazima liangaliwe na daktari anayejua ukweli wote. Tena dawa hiyo inaweza kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika, kwa hiyo damu na figo zake zipimwe. Nyinyi mnaogopa kicheko cha wachezaji wenzake wa hoki, mimi naogopa moyo wake.

Nawe Reino, najua unachungulia begani kwa mkeo. Mzee mzima, unaiba vidonge vya mwanamke halafu unamwacha mama yako aanze kukuzika! Vipele vya helmeti vina dawa zake za kupaka, nenda kaombe zako.

Sirkka, hata wewe sikuachi. Nani alikuambia krimu ikizidishwa inaziba pengo la kidonge? Acha kuipaka hadi umwone daktari wako wa ngozi, na umwambie siku ulizoruka. Ukidhani una mimba, usimeze kidonge hata kimoja, mpigie simu hapohapo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge uvifungie. Kisha nenda kamwombe radhi mfamasia wa watu.

Lakini radhi za mfamasia zinaweza kungoja kesho. Leo hii, kabla kliniki haijafunga, Reino ampigie daktari aseme. Akigoma, piga wewe, naye amekaa hapohapo anasikia. Baada ya hapo aende mwenyewe kwa Mama Lempi, kwa mdomo wake, kabla shemeji hajafika mlangoni. Reino atakununia wiki nzima. Mwache anune. Anayenuna yuko hai.