Sweta la Kijani Ukumbini

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenibana. Tumefua nguo zilizotoka kwenye lile shimo la waliouawa wakati wa vita, tumezitandaza ukumbini ili ndugu waje kuzitambua.

Kuna sweta la kijani. Mkono wa kushoto umezidi urefu, ukakunjwa na kushonewa. Si ndilo ulilomfumia mjomba? Njoo ulione, Mama. Na utoe mate kidogo, daktari ayalinganishe na mifupa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni kama mpangaji aliyegoma kuhama, lakini nala vizuri.

Masweta ya kijani yalikuwa tele siku zile. Mjomba wako alivuka mpaka, yuko huko anafanya kazi. Hilo unalijua tangu mdogo.

Kweli nilikosea mkono. Nilimpima akiwa usingizini nije kumshtukiza, na ule mkono alioulalia nikaukisia. Akalivaa hivyo hivyo! Akiulizwa anajibu, "Dada kaniachia nafasi ya kukua." Lo, yule kijana alikuwa na maneno! Akianza mluzi wake jikoni, hata baba mwenye kununa anacheka. Nyumba ilikuwa na raha jamani.

Basi, usiniulize tena.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wamenishangaa, kisha nikalia.

Sikulazimishi. Ila wasiotambuliwa watazikwa Agosti, kaburi moja, bila majina. Naumia kufikiri atazikwa kama mtu asiye na kwao.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimetema hayo mate yenu zahanati. Usifurahi. Nimetema ili mthibitishe kwamba siye.

Mama yako

14 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Ni yeye. Pole sana, Mama. Ijumaa namleta nyumbani.

Mwanao

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Haya yanayofuata si yako. Msomee mjomba wako kabla hamjaondoka.

Mdogo wangu,

Hujambo? Miaka yote hii nimekukasirikia. Nilisema umepata maisha mazuri huko, umetusahau, hata mstari mmoja hukuniandikia. Kumbe hukuwa na jinsi, baba yangu.

Mimi nimezeeka, kichwa kizima mvi, na wewe bado kijana wa miaka ishirini. Nitakuja kukupokea mwenyewe. Ukiniona, usinicheke.

Dada yako