Ukuta wa Picha Zilizoharibika

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yameanza alfajiri na kukatika kabla ya saa mbili. Mawingu meupe yametanda, hakuna kivuli kikali popote. Ungesema, "Mama watoto, leo hata jiwe litatoka zuri," ukachukua kamera na kusahau chai.

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu moyo wako uliposimama, wewe umekaa kwenye kiti cha wateja. Binti zetu hadi leo wakipigwa picha huinua kidevu kidogo, bila kuambiwa, kana kwamba bado wanaisikia sauti yako ikisema, "Kidevu juu."

Mtaa unakukumbuka kwa picha nzuri. Sisi tunakukumbuka zaidi kwa zile mbovu. Kila Jumatatu ulibandika kwenye ukuta wa studio picha uliyoiharibu wiki ile: bibi arusi aliyefumba macho, mtoto aliyetoka na paji jeupe kama sahani. Pembeni uliandika ulivyoipiga, kisha ukamwomba yeyote aingiaye aandike nyuma yake kosa liko wapi. Jumamosi alasiri walikuja wapiga picha wenzako, na zao mbovu mikononi, mkabishana mpaka wateja wakawa wanawasikiliza.

Nasema kweli mbele za Mungu: sikuupenda ukuta ule. Nilikaa kaunta nikiyachunga macho ya watu. Hasa ya jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye studio kama yetu, ambaye wote wanamwita Tabasamu. Mtu anayecheka na kila mtu, nilijiuliza, anacheka na nani kwa dhati? Dada yako naye alinikoleza. "Huyo haji kutazama, wifi," alisema. "Anakuja kuchota, na ndoo anayo."

Nilipokuletea maneno hayo ulikuwa unafuta lenzi. Hukuinua hata kichwa. "Akichukua ninachokijua, mimi nabaki nacho," ukasema. "Sasa ameniibia nini?" Nikanuna siku mbili.

Ulipotutoka, nilibandua kila kitu nikafungia sandukuni. Wapiga picha waliendelea kuja Jumamosi mbili tatu, wakakuta ukuta mtupu, wakaacha. Kisha nikaona kwenye dirisha la Tabasamu picha ya mzee mmoja, uso wake umelainishwa na mwanga wako ule ule, wa dirisha lililotundikwa shuka jeupe. Damu ilinichemka. Alipokuja mara ya tatu kuomba azione picha za ukutani, nilimwita mwizi mbele ya watu sita waliopanga foleni ya picha za pasipoti.

"Pole, shemeji," alisema tu, akavuka barabara. Nikaona hata pole yake ina namna.

Utashangaa kusikia kwamba nimejiandikisha masomo ya jioni ya kupiga picha, mimi wa miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko hata mwalimu. Siku moja alitaka kila mwanafunzi alete picha aliyoiharibu, aieleze mbele ya wenzake. Nilipeleka nzuri. Mwalimu akaitazama, akaniuliza ninamwogopa nani. Swali hilo nililibeba katika sala zangu wiki nzima.

Jumapili mchana nikafungua sanduku. Sikulifungua kwa nia njema. Nilitafuta ushahidi, tarehe ya picha yako ya kwanza ya shuka, nimwoneshe Tabasamu kwamba ulimtangulia.

Niliyoipata ni ya binti yetu mdogo, nusu ya uso imeungua kwa jua, nusu giza. Nyuma yake, kwa mwandiko usio wako, imeandikwa: "Jua linampiga moja kwa moja. Tundika shuka jeupe dirishani, umpige tena." Chini yake umeandika wewe: "Ahsante, Tabasamu. Imekubali."

Nilipiga magoti pale pale. Nilipoinuka nikaendelea kugeuza. Alikukosoa kwenye picha thelathini na moja, na kila moja ulimjibu, nawe ukamrekebisha yeye. Wewe uliyenifundisha kusema kweli, na mimi niliyemtukana mtu kwa kitu alichokupa kwa mkono wake.

Leo, tulipotoka kaburini, nilimwita aje studio. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti mpaka nilipomwambia pita. Nilimwomba radhi nikiwa pale pale nilipomtukania. Nikamuuliza alikuwa akizitakia nini picha zile. Akasema nyuma ya picha hizo kuna majibu yako, na yeye alikuwa hajamaliza kujifunza. Akatabasamu. Mungu anisamehe, tabasamu lile bado silielewi, lakini sanduku nimemfungulia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti zako wawili, wakwe zako, na dada yako mkubwa, ambaye kuhusu Tabasamu bado hajashawishika sana. Siku zote tulizobakiwa nazo, hutatoka mioyoni mwetu.

Na hao wote walikuwepo, pamoja na Tabasamu na wateja wawili waliokuja kuchukua picha zao, nilipoweka mkono juu ya kaunta nikasema kwa sauti: "Jumamosi hii saa tisa alasiri, mlango huu utakuwa wazi kwa yeyote. Picha ya kwanza ukutani itakuwa yangu, niliyoiharibu mwenyewe, na atakayeniambia kosa lake sitamfukuza."