Kwa Kabrilo, Mbuzi Asiyenuka

Mpendwa mke mwenza,

Nimekuita mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo. Usivimbe kichwa. Ningeandika lile jina nililokuwa nakuita jikoni, padri wetu angeifunga barua hii kabla ya kufika mstari wa pili.

Jina lako la haki ni Kabrilo. Ulikuwa mbuzi wa ndani ya simu, mmoja wa wale wanyama wa mchezo ambao watu wazima wenye ndevu wanawakamata kwa kengele, wanawalisha, wanawapiganisha, halafu wanajisifu nao mbele ya wenzao. Ulikuwa na kidevu cha kijani kama sombe ya majani ya mihogo iliyokosa mawese, pembe zilizojikunja hadi zikasahau zinaelekea wapi, na macho makubwa kama sahani. Mume wangu, Baba Furaha, alikuona mzuri. Mimi nilikuona kama uchafu kwenye kioo, na kweli siku ya kwanza nilijaribu kukufuta kwa pindo la liputa yangu.

Ninaiandika barua hii wazi, kila mutu wa mtaa wetu wa Songo, hapa Uvira, aisome. Si wote walijua? Wote walijua kwamba nyumba yetu ina wake wawili, mmoja wa kupika na mwingine wa kutazamwa.

Unakumbuka siku ulipoingia kwangu? Nilikuwa nimekaa chini naanika ndagala. Baba Furaha alirudi kutoka Kavimvira, huko mpakani anakopakia mizigo ya wachuuzi, akaniita kutoka njiani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Mama Furaha! Kuja uone! Nimepata mbuzi!"

Nilikimbia. Minye, na mwili wangu huu, nilikimbia na mikono inanuka samaki. Nilitazama nyuma yake, nikatazama barabarani.

"Iko wapi?"

Akanigeuzia simu. Ukalia mee, kwa sauti ya mtoto mwenye mafua.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiyo huyu."

Nikarudi kwa ndagala zangu. Hujui kwa nini nilikimbia, na kama ungekuwa na akili ungeuliza. Nitakuambia, maana sasa huna pa kukimbilia.

Mume wangu alikuwa mutu wa mbuzi. Mbuzi wa kweli, wenye kwato na kiburi. Alikuwa nao kwenye zizi karibu na mto Mulongwe, na kila mmoja alikuwa na jina. Mkubwa wao aliitwa Mawazo, kwa sababu alikuwa anasimama anakutazama kama mutu anayewaza. Kulikuwa na Sikujua, aliyezaa bila mutu kujua ana mimba. Kulikuwa na Kilo Mbili, ambaye hakunenepa maisha yake yote. Walikula sabuni yangu. Walikula kitambaa cha meza nilichopewa siku ya ndoa. Nilipiga kelele, na Baba Furaha akacheka, akasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, sasa nani aliweka meza ndani ya kamba? Nyumba yetu ilinuka mbuzi, blanketi lilinuka mbuzi, na yeye mwenyewe, akija kulala, alinuka mbuzi. Nililalamika kila siku. Mungu anisamehe, sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa harufu ya mume mwenye furaha.

Kisha mvua ikanyesha kule mlimani, mto ukashuka na mawe na miti, ukabeba zizi lote. Baba Furaha alitembea ukingoni hadi mto unapoingia ziwani, anawaita kwa majina. Mawazo! Sikujua! We Kilo Mbili! Nilimfuata nyuma. Tulimkuta Mawazo kwenye matete, tumbo juu. Mume wangu alikaa kwenye tope, akamweka kichwa chake mapajani, akalia kwa sauti. Mwanaume mzima. Watu walisimama kutazama, nami niliwaambia waende zao.

Tangu siku hiyo hakuleta mbuzi tena. Hata kwenye sherehe, sahani ya nyama ya mbuzi ikifika mbele yake, aliisukuma kwa jirani. Sasa umeelewa kwa nini nilikimbia. Nilifikiri amepona, kumbe ameleta weye!

Mbuzi gani weye? Huna maziwa. Huna ngozi. Huna mchuzi. Huna hata mavi ya kutupa kwenye bustani ya mboga za lengalenga. Unakula mega za intaneti, na mega zikiisha unalia. Unakula umeme, na umeme wa Uvira unaujua, unakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Basi simu inapelekwa kwenye kibanda cha chaji, na Baba Furaha anakaa pale anakungojea kama mutu aliyepeleka mgonjwa. Mimi nikiugua malaria, ananiambia, "Kunywa maji, utapona."

Unakumbuka ile Jumapili aliyoniomba tutembee kando ya ziwa? Nilivaa liputa mpya, ile ya maua ya njano. Nikapaka mafuta hadi miguuni. Nilisema moyoni, huyu mwanaume amenikumbuka. Tukatembea mchangani, upepo mzuri, wanawake wananitazama, nami natembea kwa madaha. Mara anasimama, anatoa simu, anachungulia, anafurahi.

"Pembe zimeongezeka! Ukitembea na yeye, anakua."

Basi miguu yangu, viatu vyangu, maua yangu ya njano, vyote vilikuwa kwa ajili ya pembe zako. Sikusema neno hadi nyumbani. Nyumbani nilisema mengi, lakini kuongea naye siku zile kulikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe alikuwa mfukoni.

Jambo moja lilinishinda kuelewa. Ulipopigwa na mnyama mwingine, ulianguka miguu juu, macho yanazunguka. Baba Furaha alikusugua kwa kidole, dawa sijui gani, ukasimama. Naye kila mara aliniita. "Umeona? Ameamuka." Kila mara, kana kwamba ni habari mpya. Nilimwona uso wake, nikasema huu ni ujinga tu wa mutu aliyezeeka vibaya.

Halafu Furaha, binti yetu, akapata mchumba. Kijana wa kule bonde la Ruzizi, kwao wanaongea Kirundi, wanalima, watu wa kanisa, wana heshima. Mahari ikaja vizuri, na ndani yake mbuzi wa mjomba. Weye hujui desturi, kwa hiyo sikiliza. Kwetu, binti haendi kwa mume kabla kaka ya mama yake hajala mbuzi wake. Na yule mbuzi haletwi na mutu yeyote tu. Baba wa binti anamvuta mwenyewe, kamba mkononi, hadi mlangoni kwa mjomba. Ndiyo njia ya baba kusema: nimekubali, nawe ukubali. Kaka yangu anakaa Makobola, na kaka yangu si mutu wa kupunguza desturi.

Asubuhi ya kumpeleka, Baba Furaha alimshika mbuzi kwa ncha ya kamba, kama mutu aliyeshika nyoka. Alipanda naye kwenye gari la mizigo la barabara ya Fizi. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, juu yako.

Yaliyotokea yote aliniambia wifi yangu, mke wa kaka, huku anacheka hadi analia. Waliposhuka Makobola, mbuzi alianza kulia, kilio kile cha mbuzi aliyetolewa kwao. Mume wangu akasimama. Akatoa simu. Weye nawe ukalia mee, una njaa, hukosi njaa. Akainamisha kichwa, akawa anakulisha majani huku anatembea, anakulisha huku anatembea. Aliingia uwanjani kwa kaka yangu, watu wamekaa kwenye viti, pombe imetolewa, na nyuma yake inaburuzwa kamba peke yake. Mbuzi alikuwa ameingia zamani kwenye mihogo ya watu.

"Shemeji," kaka yangu akamwuliza, "mbuzi iko wapi?"

Mume wangu akatazama mkono wa kulia. Akatazama wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa na weye.

"Sasa nibariki kamba?" kaka yangu akasema.

Wanawake walicheka. Kaka hakucheka. Mbuzi alipopatikana, kaka yangu alimrudisha Songo kwa gari, na ujumbe juu yake: mbuzi ambaye baba hakumleta, mjomba hamli. Na mjomba asipokula, Furaha haolewi.

Kanisani ndoa ilikuwa imekwisha kutangazwa. Bakwe zetu, wazazi wa kijana, wakatuma mutu, akatusalimu kwa adabu, "Amahoro," akauliza kwa adabu kama kuna jambo. Nilisema hakuna. Furaha alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Mutu yule alipoondoka, alitoka akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Papa, unipeleke. Ni kamba tu. Unipeleke."

Baba yake hakumtazama yeye. Alikuwa anakutazama weye.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilisema: "Weye mwanaume, mutoto wako atazeekea hapa kwa sababu ya mbuzi ya kwenye kioo? Mbuzi ya kweli iko pale jikoni! Iko hai! Inakula, inanya, iko na damu! Hii yako iko na nini?"

Akanijibu polepole, hata hakukasirika.

"Hii haifi, Mama Furaha."

Niliketi. Kwa kweli niliketi chini. Basi ndiyo hiyo. Ndiyo maana ya ile "ameamuka, ameamuka". Na hapo ndipo nilipokudharau kabisa, kuliko siku zote, maana kabla ya hapo nilikuona mjinga tu. Sasa nilikuona mwizi. Mutu ana kidonda, weye unakaa juu yake kama nzi, unamwambia umekuwa dawa. Kutokufa kwako kuna sifa gani? Jiwe nalo halifi. Mawazo alikufa kwa sababu aliishi. Alikula kitambaa changu cha meza, akaishi!

Furaha akaenda kulia chumbani. Mchana huo huo mawingu yakashuka mlimani, mvua ikapiga bati hadi hatusikiani. Maji yakaanza kupita uwanjani, mekundu. Baba Furaha alikuwa barazani na simu, amekauka kama mti. Mbuzi wa mjomba, aliyefungwa jikoni nje, akaanza kulia. Na weye, bila aibu, ukaanza kulia pia. Mee huku, mee kule. Nilisimama mlangoni, namtazama yeye.

Aliiweka simu kwenye benchi. Aliiweka tu, hata hakuizima, akaingia kwenye mvua. Alimkata kamba kwa kisu, akambeba mabegani kama mtoto, akamleta sebuleni, juu ya mkeka wangu, juu ya mito yangu niliyoshona kwa mkono. Akakaa chini, akamkumbatia shingo, wote wanatetemeka. Mbuzi akamkojolea. Minye, mwanamke mwenye mdomo, nikanyamaza, nikaleta kitenge cha kuwafuta.

Ulilia kwenye benchi mpaka batri ikaisha. Nilikusikia. Nilikula karanga.

Kesho yake, mvua imekatika, akafunga kamba mpya. Hakuniaga. Jua lilikuwa limepanda vizuri kaka yangu aliponipigia simu.

"Amefika. Kamba iko mukononi."

"Na ncha nyingine?"

"Iko na mbuzi," akasema, nikamsikia anacheka. "Dada, shemeji analia, lakini hajaiachia."

Furaha aliolewa. Ukumbi ulijaa, bakwe zetu walicheza hadi vumbi likapanda, na kaka yangu alisimama akasema mbuzi ilikuwa tamu lakini mwenye kuileta alikuwa na kichwa kigumu kuliko yeye. Furaha alipoingia na shela, baba yake alitoa simu apige foto. Simu ikakataa. Memori imejaa.

Nilikuwa pembeni yake, kwa hiyo nimeona kwa macho yangu. Alitafuta kilichojaza. Alikukuta weye, na pembe zako zote tulizozitembelea mchangani. Simu ikamwuliza kama ana hakika ya kukufuta. Akabonyeza, akainua simu, akaita, "Furaha, tazama huku!"

Kwa hiyo ulitoka duniani, mke mwenza, ili shela ya binti yangu ipate pa kukaa. Sasa uwanjani pana mbuzi jike mchanga, mweusi, hajapata jina. Jana amekula sabuni. Blanketi limeanza kunuka tena.

Nilimchungulia Baba Furaha siku ile ya harusi, baada ya kubonyeza. Nilimchungulia vizuri, maana wivu nilikuwa nao, sikatai. Nilitaka kuona.

Kwa Mawazo alilia kwenye tope, mbele ya watu. Kwa weye hata kikohozi hakikumtoka.

Lala ulipo.

Ni minye, mke mkubwa.