Muhuri wa Mkebe wa Majani Chai

Baba,

Nimefanya upuzi. Wacha niseme kabla sijaishiwa nguvu. Ule muhuri wa chama, ule uliovuka nao mpaka ukiwa ndani ya soksi tulipomkimbia Jenerali, nimeutoa. Nimempa Anko Silas.

Ndiyo, Silas huyohuyo, katibu wako. Aliyelala kwenye kochi letu hapa Nakuru miaka miwili, akila viazi vyetu na kulalamika havina chumvi. Alikuja na suti mpya, kitambi mbele. Akasema Jenerali amevua magwanda, ni rais sasa, na vyama vyote kule kwetu vimeungana kumuunga mkono. Chama chako tu ndicho kilibaki nje. Barua ya kujiunga na muungano haikubaliki bila muhuri.

Nilimfukuza, baba. Haki nilimfukuza. Akageuka pale mlangoni, akasema, "Mzee wako alitaka kuzikwa kwao. Serikali itamsafirisha. Wewe leta muhuri tu."

Hapo ndipo aliniweza. Mimi ndiye nilikuwa na wewe wodini. Nilikusikia ukiuliza kila nesi kama kwenu ni mbali. Na mama alikuwa nyuma yangu, analia bila sauti. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha mkebe wa majani chai ulimouficha.

Wiki iliyofuata nikamwona Silas kwenye habari, kwa simu, amemshika Jenerali mkono, anacheka meno yote nje. Barua iko mezani, na chini yake muhuri wako, na ile pembe iliyomeguka siku ulipouangusha jikoni. Wewe uliugonga tu kwenye barua za kuwatafutia watoto wa wakimbizi shule. Mimi nimemgongea mtu aliyemuua ndugu yako.

Tangu hapo Silas hashiki simu. Siku moja karani wake fulani alishika, akaniambia, "Waziri yuko mkutanoni." Waziri! Ashindwe kabisa, yeye na uwaziri wake.

Lakini kinachonimaliza ni mama. Suti yako ya kijivu ameipiga pasi, akaikunja ndani ya sanduku pamoja na shuka jipya, ati ukifukuliwa usisafiri ovyoovyo. Kila asubuhi ananiuliza, "Wamepiga?" Namjibu, bado. Miezi mitatu sasa namjibu, bado.

Hawaji, baba. Walitaka muhuri, hawakukutaka wewe.

Sikuombi unisamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe. Ila kesho, tukimaliza chai, nitamwambia mama ukweli, halafu nitamsaidia kutoa nguo kwenye sanduku. Jumamosi nitakuja hapo makaburini na fundi, atengeneze msalaba wa simiti. Ule wa mbao tuliuweka kwa sababu tulijua hukai.

Lala, baba.

Binti yako,
Neema