Miguu Yako Bado Haijaokoka

Mpika, Zambia
Jumatatu asubuhi

Mwanangu Daudi,

Nimeipata shikamoo yako uliyonitumia kwenye simu pamoja na ile video. Sijaiitikia. Usidhani nimesahau, wala usidhani ni uzee. Sababu yake utaikuta humu ndani ukisoma hadi mwisho, na nakuomba usome hadi mwisho.

Hujambo lakini? Mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia matairi umepata nafuu? Malori bado yanasimama kwako, au mafundi pancha wengine wamefungua vibanda hapo barabarani? Na huko kwetu Kisanga wameshavuna?

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mwaka huu imekuja na ukali wake. Alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe, na nyonga yangu inakaza mpaka jua lipande. Nakaa na jiko la mkaa miguuni, nasoma vitabu vyangu vilevile. Nimekaa huku tangu reli ilipomleta baba yako, nimezika huku, najua lugha yao hata ya matanga, na bado kila nikifungua dirisha natafuta milima ya nyuma ya Kisanga. Haipo. Kuna uwanda tu na miti ya watu. Kaburi la baba yako nimelifagia juzi. Nilimweleza habari zako, nikaona haya kumaliza.

Sasa nisikilize. Ninaandika barua kwa sababu kwenye simu huongei siku hizi, unasema "Amina." Nikikuuliza umekula, "Amina, mama." Nikikuuliza umekwenda kumwona mtoto, "Amina, mama, tuombeane," na mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Unajua nilivyokuombea. Ulipokuwa unalala kwenye vilabu vya pombe hapo Mikumi, na kaka zako wamekukatia tamaa, mimi nilikuwa napiga magoti kwenye saruji ya kanisa hili mpaka Bana Mutale, jirani yangu, akaniletea kipande cha godoro. (Bana kwao ni kama Mama kwetu.) Nilimwambia Mungu, mrudishe tu, sitakuomba kingine. Amekurudisha. Na leo nina hasira na wewe kuliko siku yoyote ya ulevi wako. Mama gani anaandika hivyo? Mimi.

Video ile ilinifikia Jumapili moja ya mwezi uliopita, tumetoka ibadani, tumesimama uani na akina mama wenzangu. Nilijigamba. Niliwaita, "Njooni mumwone mwanangu, anamshuhudia Bwana!" Wakazunguka simu yangu kama kuku wamwagiwapo mtama. Nikakuona umesimama kwenye uwanja wa gulio wa Kisanga, umevaa koti, kipaza sauti mkononi, kwaya yenu ya Mikumi nyuma yako. Machozi yakanitoka. Ukasema ulikuwa mlevi, watu wakapiga makofi, na akina mama wa huku wasiojua Kiswahili nao wakapiga. Ukasema ulikuwa mgomvi, wakapiga tena. Kisha ukasema, namaanisha wewe, kwa kinywa kile nilichokifundisha kusali: "Shetani alinitegea mtego hapahapa Kisanga. Binti mmoja, nyumba yao ni hiyo ya bati jipya pale, alikuwa mtego wa shetani. Nikanasa! Lakini Yesu ameukata mtego!"

Watu wakashangilia. Wengine, nimewasikia mimi, wakacheka, na vichwa vikageukia ile nyumba.

Bana Mutale akanigusa bega. "Bana Daudi, anasema nini hapo? Mbona wamefurahi hivyo?"

Nikamwambia, "Anasema amempata Yesu."

"Sasa mbona unazima?"

Nikamwambia betri imeisha.

Nilipokuuliza juzi, ulinijibu kwamba hukumtaja jina. Daudi! Umeonyesha bati la nyumba kwa kidole, unahitaji jina la nini? Vipaza sauti vyenu mlivielekeza majumbani ili injili iwafikie waliokataa kuja. Ikamfikia. Mama yako mdogo Monika alikuwa kwa Salome siku hiyo, chini ya bati hilohilo, wanapepeta mpunga pamoja. Anasema Salome alisikia mpaka neno la mwisho, akaendelea kupepeta, ila ungo ukawa unatoa mpunga wote chini pamoja na makapi, na yeye haoni.

Monika alinipigia simu wiki iliyofuata. Yeye si mtu wa kuzunguka.

"Dada, mjukuu wako unajua anaitwaje shuleni?"

"Si ana jina langu? Anaitwa Damari."

"Lilikuwa lako. Sasa wanamwita Mtego. Akipita wanaruka pembeni, 'Utanasa! Utanasa!' Mwalimu kawachapa, wapi. Jana kaniuliza, bibi, mimi ninakamata nini?"

Ninakamata nini. Mjibu wewe, mwinjilisti. Kama mama ni mtego, mtoto ni kitu gani? Chambo? Salome ulimwacha akiwa na mimba, hakuja kudai kwa mtu, hakukutukana, na mtoto alipozaliwa akampa jina la mama yako wewe, mwanamke aliyemwona mara chache tu nilipokuja likizo. Wajina wangu yule. Ukimwita mama yake mtego na shule nzima ikamwita yeye hivyo, basi mtego ni mimi. Nimenasa nani?

Nami nakuambia jambo ambalo nimekaa nalo kwa uchungu. Ulipokuwa mlevi ulikuwa unapita Kisanga. Si mara nyingi, na hukuwa unanyooka, lakini ulipita. Ulimpelekea mtoto sabuni, ukampelekea na miwa ya Ruhembe. Monika aliniambia Damari alikuwa anakimbia mpaka njiani, anakuamkia, "Shikamoo baba," na wewe unaitikia "Marahaba" huku unayumba, na watoto wote wanajua yule ni baba yake. Umeokoka, umeacha kwenda. Eti ndugu zako wa kanisani wamekushauri usirudi kwenye mazingira ya dhambi. Mazingira ya dhambi ni mtoto wa darasa la pili? Pombe haikukuzuia kuwa baba, wokovu ndio umekuzuia? Sijawahi kuusikia wokovu wa namna hiyo, na nimesoma kuliko hao waliokushauri.

Na Salome haendi tena kanisani. Kwaya ameiacha. Amewaambia wanakwaya wenzake kwamba kama Mungu wa kule ndiye yule aliyeshangilia gulioni, basi yeye atasalia jikoni kwake. Wewe unahesabiwa umerudi. Aliyetoka kwa sababu yako anahesabiwa na nani?

Usiniambie tena, "Mama, Mungu ameshanisamehe, wewe mbona bado unanishikilia?" Sibishani na Mungu. Kama amekupokea, amekupokea, na ninamshukuru hata sasa hivi nikiwa na hasira hii. Lakini Mungu hakuwa yeye aliyeachwa na mimba Kisanga. Kuna msamaha ambao ni wake kutoa na umeutaka, na kuna mwingine umewekwa kwenye ua wa mzee Matayo, baba yake Salome, na huko hujapiga hata hodi.

Unapenda kuhubiri habari za yule kijana aliyetapanya urithi. Hebu soma polepole kama nilivyokufundisha. Alipozinduka hakupaza sauti kutoka kule kwenye nguruwe. Alinyanyuka, akatembea mpaka kwa yule aliyemkosea, akasema kosa lake kwa jina lake, na wala hakumsingizia shetani. Wewe kila dhambi yako umempa shetani aimiliki, na sehemu iliyobaki ukampa Salome. Yako mwenyewe iko wapi?

Nilipokuja mara ya mwisho nilikaa kwenye kibanda chako nikakutazama unavyofanya kazi, na nikakupenda sana siku ile. Dereva mmoja alikuwa na haraka, akakuambia, "Fundi, wewe bandika kiraka tu, niondoke." Ukacheka, ukamwambia, "Bosi, msumari bado umo ndani. Nikibandika hivi, hufiki Doma." Ukazamisha mpira kwenye beseni, ukatafuta mapovu yanapotokea, ukang'oa msumari, ndipo ukachukua gundi. Sasa ni nini hiki ulichofanya na roho yako? Umebandika kiraka juu ya msumari, ukaenda gulioni kuwaonyesha watu kiraka kinavyong'aa.

Mjomba wako Elia nimemwuliza anaonaje. Unamjua hana maneno mengi, na aliyo nayo ni ya utani. Alisema, "Dada, huyu mpwa wangu ameokoka mdomo. Miguu bado haijaokoka." Nilicheka, kisha nikalia. Basi ninaandikia hiyo miguu.

Nenda kwa mjomba wako. Usianze na habari za mila ni za shetani. Yeye ni mzee wa kanisa tangu hujazaliwa, na kwetu mtu haendi peke yake kuomba radhi kama mwizi wa kuku, anatanguliwa na mjomba wake. Mwende kwa mzee Matayo mchana, watu wakiona. Usiende na kwaya. Biblia iache kibandani, wanazo kwao. Wakikupa mkeka, kaa kwenye mkeka. Wasipokupa, kaa chini. Mjomba akishakufungulia maneno, wewe useme hivi na usiongeze: nilimkosea Salome, nilimkosea mtoto, kisha nikawatukana mbele ya watu. Sikutumi kuoa. Salome ana akili zake na huenda hakutaki hata kwa dawa. Akikuambia toka, utatoka, na siku nyingine utarudi. Msamaha hauna haraka ya lori.

Halafu utarudi gulioni. Spika zilezile, uwanja uleule, mzielekeze majumbani vilevile. Lile neno ulilitoa kwa kipaza sauti, hulirudishi kwa kunong'ona. Utasema hakukuwa na mtego. Utasema palikuwa na binti wa watu na kijana mwongo, na kijana ni wewe. Kama makofi yatakuwa machache, vizuri, yatakufaa.

Umenitaka baraka kwa ajili ya kuwekwa wakfu uinjilisti. Sina. Si kwamba nakulaani, Mungu apishe mbali, wewe ni wa tumbo langu na nitakufa nakuombea. Lakini siwezi kukubariki uende kuwaita watu wa mbali ilhali wa kwako wanakuogopa wakikuona na kipaza sauti.

Barua hii nimempa dereva wa lori anayepita hapa kwenda Dar. Atasimama kwako hata kama matairi yake ni mazima. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Nisalimie mjomba wako Elia, mwambie nyonga yangu inamkumbuka kwa yale mafuta ya nyonyo. Nisalimie mama yako mdogo Monika, ambaye ametunza heshima ya nyumba yetu peke yake. Nisalimie kaka zako na wake zao. Mzee Matayo usimpe salamu zangu. Sina uso wa kumsalimia mpaka wewe umetangulia. Salome naye nitamwandikia mwenyewe.

Na shikamoo yako ninayo hapa, nimeiweka. Kisanga kuna mtoto mwenye jina langu ambaye zamani alikuwa anakimbia mpaka njiani. Siku atakapokuamkia tena mbele ya wenzake, nawe ukamwitikia ukiwa umesimama wima, Monika atanipigia simu. Siku hiyohiyo nitakuitikia marahaba yako, na nitaisema kwa sauti mpaka Bana Mutale atoke nje kuuliza kuna nini.

Mama yako anayekupenda na aliyekasirika,
Damari wa kwanza